Mbatata za oveni za thomu na chizi: mbona zangu hazikauki?

Kila Ramadhani ikikaribia simu yangu haitulii, mana watu wamechoka na mbatata za kukaanga na katlesi kila siku, wanataka hizi za oveni za thomu (kitunguu saumu) na chizi, na malalamiko ni yale yale: zimelegea, zimenata, thomu chungu, chizi imekuwa mpira. Nimeona nikae niyaandike yote pahala pamoja, kuanzia yanayotokea sana mpaka ya nadra, mtu aangalie dalili yake aruke mengine. Na nnasema mapema mie si mpishi wa hoteli, napika nyumbani hapa Unguja na oveni ndogo ya mezani, na mambo haya karibu yote yashanipata mwenyewe.

Kwanza tukubaliane tunapika nini, mana wengine wanaruka hatua halafu wanauliza kwanini. Mbatata kilo moja, menya, kata vipande vya kama sentimita 4, vilingane. Maji lita 2 yachemke, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula na bekingi soda nusu kijiko cha chai, sio bekingi pauda, ile ina mambo mengine ndani. Tia mbatata, zikirudi kuchemka hesabu kama dakika 10 mpaka kisu kinaingia bila kulazimisha na pembe zinaanza kumeguka. Epua, mwaga maji, ziache kwenye chujio zitoke mvuke, halafu zirudishe sufuriani na mafuta au samli vijiko 4 vya chakula, funika, tikisa mpaka zivae kitu kama uji mzito kwa nje. Huo uji uji ndo unaokuja kuwa ukoko. Oveni iwe ishapata moto wa nyuzi 220 mpaka 230 za sentigredi, tandaza kwenye trei, dakika 20 usiziguse, geuza, dakika 20 au 25 nyengine, na thomu na chizi zinaingia dakika 5 za mwisho tu.

ZINATOKA LAINI KAMA ZA KUCHEMSHA

Hili ndo namba moja, watu wanane kati ya kumi wanaonipigia ni hili. Kabla hujalaumu mbatata wala jiko tazama trei yako. Vipande vinagusana? Vimepandana? Basi ushapata jibu. Mbatata ina maji mengi ndani, na maji yale lazima yatoke yawe mvuke yaende zake, sasa ukizibana pamoja mvuke wa hii unailowesha ile, na kitu kikiwa majimaji juu hakipandi kupita nyuzi 100 hata oveni iwe moto vipi, wakati ile rangi ya kahawia na ukoko vinaanza kwenye 140 hivi. Kwa hiyo unapata mbatata zilizopikwa kwa mvuke na kupakwa mafuta. Acha upana wa kidole baina ya kipande na kipande. Kama futari ni ya watu kumi na trei ni moja, pika mikupuo miwili, hakuna ujanja mwengine, mie nshajaribu yote.

Kama trei ilikuwa na nafasi, swali la pili ni je ulizikausha ulipomwaga maji? Watu wanamwaga maji na papo hapo wanatia mafuta. Ziache kwenye chujio dakika 3 mpaka 5, utaona moshi mweupe unapanda halafu unapungua na uso wa mbatata unakuwa kama umepakwa chaki. Ukiona ile chaki ndo utie mafuta. Masika hii, hewa yenyewe imelowa, mie huzirudisha sufuriani juu ya moto mdogo nikazitikisa kidogo mpaka nisikie chini pakavu.

Tatu ni oveni haikupata moto. Hapa mie niliteseka mwaka mzima. Oveni yangu kitufe nakizungusha mpaka 230, taa nyekundu inawaka, baada ya muda inazima, najua tayari. Siku moja mdogo wangu akaniletea kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha kutundika ndani, nikakiweka nikasubiri, taa ikazima, nikachungulia na tochi ya simu: 175. Yani mwaka mzima naoka kwenye 175 na kujilaumu mwenyewe. Saivi nazungusha mpaka mwisho kabisa na naipa nusu saa kabla sijatia kitu. Kama huna kipimajoto tazama ishara hii: ukitia mbatata zenye mafuta kwenye trei iliyokaa ndani ya oveni lazima usikie zinalia chwaaa. Kimya, jua moto mdogo.

Nne, na hii ni ya kwetu sana, umeme mdogo. Jioni kila mtu kateleka, feni zinakwenda, pasi inapigwa, unaona taa ya bulbu inafifia. Koili ya oveni umeme ukipungua kidogo moto unapungua sana, mana moto unafuata kipeo cha pili cha volti, yani volti mara volti. Oveni ya wati 1500 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiletewa volti 190 inakupa kama wati 1000 tu. Ndo mana kuna siku unapika vile vile na hazikauki. Stabilaiza ndogo ya friji usiitegemee, nyingi hazibebi oveni, utaiunguza bure. Dawa yangu ni kuoka mapema, alasiri saa kumi umeme uko sawa nazitoa zikiwa zimebakisha kidogo, nazitandaza wazi, zikikaribia magharibi nazirudisha dakika 10 na thomu na chizi. Na wallahi zinatoka kavu kuliko zile za mkupuo mmoja, mana zimepata muda wa kutoa mvuke katikati.

Ukishakagua yote hayo manne ndo uishuku mbatata yenyewe. Zetu nyingi zinatoka bara kwa boti, na siku nyengine polo (gunia) lote ni mbatata changa, ngozi unaisugua na dole gumba inatoka. Hizo zina maji mengi na unga kidogo, nzuri kwa mchuzi na urojo, sio hizi. Kuna kipimo: changanya chumvi kikombe kimoja na maji vikombe 11, koroga iyeyuke, tumbukiza mbatata nzima. Inayozama ina unga mwingi, ya oveni hiyo. Inayoelea ipeleke kwenye mchuzi. Maji yale ya chumvi usiyamwage, yatapima polo zima.

Ah, na kuna waliozifunika foili "zisiungue". Kama unafunika foili pika kuku.

ASIYE NA OVENI

Wifi yangu wa Wete, Pemba, hana oveni na anapika hizi hizi kwa makaa juu na makaa chini kama mkate wa mchele. Malalamiko yake yalikuwa zinaiva ila hazikauki, na sababu ni mfuniko, mvuke hauna pa kutokea. Tukabadilisha: sufuria zito la chini pana, mbatata safu moja tu, juu bati lililokaa kwa kuegemea kijiko ili kuwe na upenyo wa kidole, makaa mengi juu na machache chini. Chini kukiwa kwingi zinaungua tumbo na juu nyeupe. Zinachukua muda na lazima uzigeuze mara mbili, lakini zina harufu ambayo oveni yangu haiipati, nakubali nimeshindwa. Seredani (jiko la makaa) iwe uwani au barazani penye upepo. Ukipikia chumbani kumefungwa, kichwa kikaanza kugonga au kichefuchefu, acha chakula toka nje saa hiyo hiyo, ile hewa ya makaa haina harufu na inaua, na kama mtu kazidiwa au hajielewi apelekwe spitali, asilazwe "apumzike".

NJE NYEUSI, NDANI MBICHI

Mara nyingi ni mtu karuka kuchemsha, kasema oveni itapika. Haipiki, inaunguza nje kabla ndani hakujaiva. Au kazichemsha lakini vipande havilingani, kimoja kama ngumi chengine kama gololi. Kama hayo uko sawa, shusha trei, ikiwa safu ya juu karibu na koili nyekundu inaunguza vichwa. Iweke katikati au chini kidogo.

Sababu ya mwisho wengi hawaiamini: mbatata zilikaa friji. Joto letu hili mtu anaona zinachipua anazitia friji, na baridi inageuza unga wa mbatata kuwa sukari, sasa zikiingia motoni ile sukari inaungua haraka, rangi ya kahawia inakuja dakika za mwanzo na utamu wake una uchungu nyuma yake. Weka kwenye kapu pahala pa giza penye hewa. Kama zishaingia friji ziache nje siku kadhaa kabla ya kuzioka.

ZINANATA NA UKOKO UNABAKI KWENYE TREI

Umezigeuza mapema. Ndo sababu, tisa kati ya kumi. Mbatata ikishapata ukoko inajiachia yenyewe, ukiisukuma na mwiko wa bati ikakataa basi hapo haijawa tayari, rudisha ndani dakika 5. Ikiwa umesubiri na bado inanata basi trei iliingia baridi, au mafuta kidogo, au ni ile trei nyembamba inayopinda ikipata moto mafuta yakakimbilia pembeni. Weka trei tupu na mafuta yake ndani ya oveni inayopata moto, kama dakika 5, ndo utie mbatata, taratibu, mafuta yanaruka, watoto wawe mbali. Ukiungua usipake dawa ya meno wala asali wala unga, weka chini ya maji ya mfereji yanayotiririka dakika 20. Likifura lengelenge kubwa, au ni usoni, au mkono wa mtoto, nenda spitali.

Na siagi ya kopo usiipike peke yake, ina maji ndani, inachafua na kunatisha. Samli ya ng'ombe ndo mwenyewe, haina maji na inastahamili moto mkali. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yana harufu nzuri lakini yanatoa moshi mapema kwenye moto huu, tumia kijiko kimoja kwa ladha tu.

THOMU IMEKUWA CHUNGU

Hapa kosa moja tu linajirudia: thomu imetwangwa ikachanganywa na mbatata tangu mwanzo. Thomu iliyotwangwa haiwezi kukaa kwenye 220 dakika 40, haiwezi, inakuwa vumbi jeusi chungu linaloharibu trei zima na huwezi kulitoa. Thomu ya unga ya pakti vile vile.

Nnavyofanya mie, nachukua punje 6 au 7, nakatakata, sio kutwanga, naziweka kwenye samli ya baridi kwenye kikaango kidogo, moto mdogo kabisa. Inaanza kutoa povu dogo dogo, harufu inajaa jikoni, na unasimama hapo hapo usiende kujibu simu, mana kutoka rangi ya dhahabu mpaka kahawia ni kama nusu dakika. Ikipata rangi ya majani makavu nachuja. Samli yenyewe ndo naokea mbatata, ina ladha yote ya thomu na haina kitu cha kuungua. Vile vipande nnaviweka pembeni kwenye kisahani navirudisha mwisho pamoja na chizi. Wengine wanaona kazi, basi angalau tia thomu mbichi dakika 5 za mwisho, si mbaya, itakuwa kali kidogo tu.

Sasa hapa nataka msikilize. Hii samli au mafuta ya thomu usitengeneze mengi ukayaweka chupani kabatini. Thomu inatoka ardhini na inaweza kuwa na vijidudu ambavyo vinapenda pahala pasipo hewa, na ndani ya mafuta hamna hewa, vikikaa kwenye joto letu vinatoa sumu isiyo na harufu wala ladha, huwezi kujua kwa kunusa. Tengeneza ya leo itumike leo. Ukitaka kuweka, friji na isizidi siku 4, na kama umeme ulikatika usiku kucha friji ikawa vuguvugu, mwaga, usione uchungu wa samli. Mtu akila akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, kumeza kunakuwa tabu, ulimi mzito, hilo si la chai ya tangawizi, ni spitali usiku huo huo na mwambie daktari alikula nini.

CHIZI IMEKUWA MPIRA, AU IMEUNGUA, AU IMELETA MAJI

Tuanze na chizi gani. Zile za pembetatu za kufunuliwa karatasi ya fedha na za slaisi za kuweka kwenye baga zimetengenezwa ziyeyuke ziwe laini, haziwi kavu hata uzipigie magoti, zinakuwa gundi. Mozzarella ina maji mengi, ikishuka juu ya ukoko inaulowesha, kazi yako yote imekwenda, ukiwa nayo ndo hiyo basi ikamue kwa kitambaa na utie kidogo. Inayofaa ni kavu na ya zamani, parmesan au cheddar ngumu, ukwangue mwenyewe kwa kikwanguo chembamba, gramu 40 au 50 kwa kilo zinatosha, ghali lakini haihitaji nyingi. Ile iliyokwisha kwanguliwa ya pakti inatiwa unga isishikane, inayeyuka kwa mapande mapande.

Kwa wanaouliza kuhusu uhalali: parmesan ya asili ya Italia inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumbo la ndama, kwa hiyo soma pakti, tafuta yenye alama ya halali au iliyoandikwa imegandishwa kwa kitu kisichotoka kwa mnyama, zipo.

Imeungua? Uliitia mapema. Imetoa mafuta ikawa mpira? Imekaa sana. Dakika 4 au 5, ikianza kufanya mapovu na pembeni rangi ya dhahabu, toa.

ZILITOKA KAVU, ZIKAFIKA MEZANI ZIMELEGEA

Hotipoti. Ni hotipoti jamani. Nlipeleka futari kwa mama mkwe mara ya kwanza, nimezipika vizuri zinagongana kwenye trei kama kokoto, nikazijaza hotipoti mpya nikafunga, nikenda zangu, kufungua pale mbele ya watu mvuke umejaa, matone yanachuruzika kwenye mfuniko, mbatata zimelala. Mama mkwe akaonja akasema "nzuri mwanangu, mbatata za mchuzi hizi?" Sikujibu.

Kitu cha kutunza joto kinatunza na mvuke. Zipeleke kwenye sinia zimefunikwa kawa la ukili, linapumua, au trei na kitambaa chepesi juu. Zikifika za vuguvugu si neno, kavu ya vuguvugu ni bora kuliko laini ya moto. Na thomu na chizi ukiweza zitie hukohuko.

MENGINE YA HARAKA HARAKA

Zimevurugika sufuriani kuwa uji: umechemsha sana au soda imezidi. Usilazimishe oveni, tengeneza katlesi.

Zina ladha ya sabuni: soda tu, nusu kijiko cha chai kisawazishwe kwa kisu, usikadirie kwa macho.

Zimechemka nusu saa na bado ngumu: nani katia ndimu kwenye maji? Ukali wa ndimu unazuia mbatata kulainika. Ndimu inakuja mezani.

Uchungu unaowasha koo hata kabla ya kuoka: mbatata ya kijani, au iliyochipua sana. Kijani kidogo menya kwa kina na toa macho yote. Ikiwa ya kijani mpaka ndani au ukionja chungu, tupa, hiyo sumu haiondoki kwa kuchemsha wala kuoka, na usiwape watoto.

HAPA UACHE, UITE FUNDI

Ukigusa mwili wa oveni ikakutekenya, hata kidogo, chomoa, usiivalie kandambili ukaendelea kupika. Plagi ya moto, soketi imebadilika rangi, harufu ya plastiki, swichi kubwa inajishusha kila ukiwasha, yote hayo ni fundi umeme. Na oveni isichomekwe kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji na birika.

Oveni ya gesi ukisikia harufu funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala usizime taa yoyote, toka nje, piga simu ukiwa nje. Kutafuta kinapovuja unatumia povu la sabuni, sio kiberiti, na kikishaonekana anatengeneza fundi, si shemeji. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango usitie maji, zima jiko, funika na mfuniko au trei, uache mpaka yapoe.

UMEME UMEKATIKA ZIKIWA NDANI

Au tukuza (umeme wa kununua kabla) imeisha, yote sawa. Usiziache ndani ya oveni iliyofungwa "zikamilike kwa joto lake", zinapika mvuke. Zitoe, zitandaze. Teleka kikaango kizito kwenye gesi au seredani, samli kijiko kimoja, safu moja moja, dakika 3 au 4 kila upande bila kufunika, thomu, chizi, funga moto. Nlifanya hivyo robo saa kabla ya adhana na wageni wako sebuleni, wakazimaliza sinia zima kwa tochi za simu, na aliyeomba aelekezwe zinavyopikwa nikamwambia anza na oveni.